Juu ya Kupima Kijana Mchezaji



Wale wanaochunga makaratasi yao wafungue namba iliyopita ya gazeti letu, ukurasa wa mwisho, pale tulipoandika juu ya mechi ya mpira. Mtakuta pale kwamba mdogo wetu wa mwaka wa nne, yule anayecheza upande wa kushoto, ni profesionele tayari, kunabaki ndege tu. Sisi kapita wa wanafunzi ndio tuliandika. Tulikuwa tumeshinda 3 kwa 1, stensile ilikuwa inangoja, na chini ya ukurasa kulibaki nafasi ya mistari minne. Tukaijaza.

Leo tunataka kurudi juu ya mistari ile minne. Lakini tutapita kwanza mbali, huko Marekani, katika mchezo ambao wengi wenu hamujauona hata siku moja. Tunaomba mtuvumilie.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alisoma Marekani miaka kadhaa. Katika ofisi yake kunaangikwa glavu moja kubwa ya ngozi, ambayo wa mwaka wa kwanza hufikiri ni ya kutolea mikate motoni. Ni ya beziboli. Mtu mmoja anatupa mpira mdogo, mgumu kama jiwe, na mwingine anaungoja na gongo mikononi. Akiupiga vizuri anakimbia kutoka kituo mpaka kituo, na kati ya kituo na kituo ni mita 27 na kitu. Wachezaji watatu wanasimama mbali kabisa nyuma, penye majani, mmoja kushoto, mmoja katikati, mmoja kuume, kusudi wadake mipira inayoruka mbali. Wale ndio wachezaji wa uwanja wa nje. Wa katikati lazima awe na mbio kuliko wengine, maana shamba lake ni kubwa. Wa kuume lazima awe na mkono wa nguvu, sababu akitaka kurudisha mpira kituo cha tatu, njia ni ndefu. Wa kushoto anasamehewa mengi kama anajua kupiga.

Basi siku moja mwezi wa pili, mwalimu alileta darasani karatasi moja, hakuandika jina juu yake. Akasema: "Ninyi ni wapimaji wa timu. Kijana huyu ana miaka 18 na anamaliza masomo ya sekondari. Mtamchukua ao mtamwacha? Kila mtu aseme sababu yake."

Kule wapimaji ni kazi ya kweli. Mtu anazunguka na gari miaka yote kutoka shule mpaka shule, anakaa nyuma ya waya na saa mkononi, anaandika. Mchezaji wa nje anapimwa juu ya mambo matano: kuupata mpira na gongo, kuupiga kwa nguvu ufike mbali, mbio, kudaka, na kutupa. Kila jambo linapewa alama, lakini si 0 mpaka 10 kama hapa kwetu. Wanaanza 20 na kumaliza 80. Alama 50 ni ya mchezaji wa kawaida wa ligi kubwa, kwa hiyo kijana wa sekondari akipata 50 katika jambo moja, tayari ni ajabu. Tena wanaandika alama mbili kwa kila jambo: ile aliyo nayo leo, na ile wanayofikiri atakuwa nayo akikomaa. Tuliuliza mwalimu ile ya pili inatoka wapi. Akacheka, akasema inatoka ndani ya kichwa cha mpimaji.

Mbio wanazipima kwa yadi 60, ni kusema karibu mita 55. Anayemaliza kwa sekunde 6 na nusu wanamwandikia vizuri sana. Hili ni jambo rahisi, saa haidanganyi. Kutupa pia kunaonekana na macho. Jambo gumu ni lile la kwanza, la kuupata mpira. Mtupaji anasimama mita 18 na nusu hivi, naye kule juu anatupa kwa mwendo wa kilometa 145 kwa saa na zaidi. Mpira unafika mbele ya nusu sekunde kuisha. Katika wakati ule mfupi unapaswa kuona, kuamua, na kupiga. Kwa sababu hii, katika ligi kubwa mtu anayefaulu mara 3 kwa 10 anahesabiwa kuwa mpigaji bora. Tulilipenda sana neno hili. Hapa kwetu mwenye 3 kwa 10 anarudia mwaka!

Sasa karatasi. Kijana yule alikuwa na mita 1 na 93. Mbio anazo. Mkono anao. Nguvu anazo. Kudaka hakuna shida. Alicheza na michezo mingine, yote vizuri. Chuo kikuu kikubwa kilikuwa tayari kumpokea bure. Na chini kabisa kulikuwa mstari mmoja: mwaka wake wa mbele ya mwisho alikuwa anafaulu kupiga zaidi ya mara 5 kwa 10, na mwaka wa mwisho amefaulu karibu mara 3 kwa 10.

Tulikuwa 31 darasani. Mikono 30 iliinuka: achukuliwe. Sisi tulisimama tukaongea wa kwanza, kama kawaida ya kapita, tukasema kwamba kijana huyu ana yote matano na hakuna la kubishana. Juu ya mstari wa chini tulisema 3 kwa 10 ni alama ya wakubwa, mwalimu mwenyewe ametufundisha. Watu wakapiga makofi.

Mkono mmoja haukuinuka. Alikuwa dada mmoja wa benchi la nyuma, ambaye hasemi sana. Aliuliza tu: "Juu ya nini imeshuka?"

Tulimjibu haraka haraka. Tukasema labda aligonjwa, labda alikuwa na mawazo ya mtihani. Akanyamaza.

Mwalimu akafungua jina. Ni Billy Beane, wa San Diego katika California. Mwaka 1980 timu ya New York Mets ilimchagua katika uchaguzi wa kila mwaka wa vijana, akawa wa 23 katika inchi nzima. Walimpa dola 125.000, akaacha chuo kikuu cha Stanford. Alifika ligi kubwa mwaka 1984, akazunguka katika timu nne, akamaliza 1989. Kwa miaka ile yote alicheza mechi 148 tu. Mpira ulivuka ukuta kwa gongo lake mara 3. Alifaulu mara 66 katika mara 301, maana yake 2 kwa 10 na kidogo. Mara 80 alitolewa kwa kukosa mpira, na mara 11 tu aliweza kutulia, akaacha mipira mibaya ipite, apewe kituo bure. Kiisha aliomba mwenyewe kuacha gongo na kuwa mpimaji. Tangu 1997 aliongoza timu ya Oakland, na huko alianza kuchagua wachezaji kwa hesabu kuliko kwa uzuri wa mwili. Michael Lewis aliandika buku juu yake mwaka 2003, linaitwa Moneyball, na mwalimu wetu analo.

Ile 3 kwa 10 haikuwa ya wakubwa. Aliipata mbele ya watoto wa sekondari, wanaotupa mpira polepole, tena na magongo ya aluminiumu yanayosaidia mkono, na profesionele wanatumia gongo la mti. Mstari wa chini ulikuwa unasema wazi kwamba kitu kimeanza kuvunjika. Wapimaji walikuwa wanaangalia mita 1 na 93. Sisi vile vile tuliangalia mita 1 na 93.

Wavulana walikasirika kidogo, walisema mwalimu amewatega. Mmoja akasema basi wale wapimaji ni wajinga. Hapana, si wajinga. Mwaka ule ule, timu ile ile ilimchagua Darryl Strawberry wa kwanza kabisa mbele ya wote, naye ni mchezaji wa nje, naye alikuwa mrefu na mwenye yote matano. Huyu alipiga mipira 335 ikavuka ukuta. Mwaka uliofuata, katika duru ya 13, walimwokota Lenny Dykstra, mfupi, bila sura ya kuogopesha mtu. Alicheza ligi kubwa tangu 1985 mpaka 1996. Wote watatu walipita katika mikono ya timu moja.

Tena iko mfano wa Mike Trout, na huu ndio unatufurahisha kuliko yote. Alikuwa kijana wa New Jersey, kule baridi ni kali na watoto wanacheza mechi chache kwa mwaka, basi wapimaji walikuwa na mashaka: wamwonee wapi? Mwaka 2009 timu ya Angels ilikuwa na nafasi mbili zinazofuatana, ya 24 na ya 25. Kwa 24 walimchukua mchezaji mwingine wa nje, Randal Grichuk, kiisha kwa 25 wakamchukua Trout. Grichuk naye alifika ligi kubwa, hatusemi alikuwa mbaya. Lakini Trout alitangazwa mchezaji bora wa ligi yake mara tatu, 2014, 2016 na 2019. Hata wale waliomtaka walimpa nafasi ya pili ndani ya siku moja.

Na kama unafikiri mwili muzuri na moyo wa kushinda vinatosha, mkumbuke Michael Jordan, ambaye picha yake iko hata kwenye ukuta wa bweni letu. Mwaka 1994 aliacha basketi akajaribu beziboli, uwanja wa nje, katika timu ya Birmingham, ligi ndogo. Alicheza mechi 127, akafaulu 2 kwa 10, akatolewa kwa kukosa mara 114. Mbio alikuwa nazo, aliiba vituo 30. Macho ya kuona ule mpira hakuwa nayo, na mtu wa miaka 31 hayapati tena kwa haraka. Mwaka 1995 alirudi basketi.

Mwalimu alitusimulia na habari ya miaka ya kuzaliwa, tukacheka sana sababu tunaijua. Kwa mpimaji, miaka ni neno kubwa: kijana wa 16 anayepiga sawa na wa 20 ana mengi mbele yake, lakini wa 20 anayepiga sawa na wa 20 ni mtu wa kawaida. Mwaka 2006 timu ya Washington ililipa dola milioni 1 na 400.000 kwa kijana wa Jamhuri ya Dominika aliyesema ana miaka 16. Mwaka 2009 ilijulikana kwamba jina si lake na miaka alikuwa amepunguza minne. Kumbe kukata miaka si kazi ya mpira wa hapa tu.

Hata Afrika mchezo huu umefika. Gift Ngoepe wa Afrika ya Kusini aliingia ligi kubwa mwaka 2017, wa kwanza kutoka bara letu, na watoto wa Uganda, jirani zetu, walikwenda kwenye mashindano ya dunia ya watoto huko Marekani mwaka 2012. Lakini tuache hayo, maana tuna neno lingine la kusema.

Juma mbili nyuma ya somo lile, mdogo wetu wa mwaka wa nne alitufikia bwenini usiku, taa ziko karibu kuzimwa. Alikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Ilikuwa gazeti letu.

"Kapita, miye niko nakwenda," alisema. "Yule bwana wa mjini alisema iko nafasi kwa timu moja ya inje. Anaomba dola 600 juu ya makaratasi. Baba mudogo amekwisha kumupa 150."

Tukamwuliza yule bwana amemwona akicheza mara ngapi. Mara moja. Tukauliza timu inaitwaje. Hakujua. Tukamwuliza baba mdogo alikubali namna gani, yeye ambaye tunajua hapendi mpira. Akafungua karatasi, akaweka kidole kwenye mistari yetu minne.

"Nilimuonyesha hii. Nikamuambia ni kapita mwenyewe ameandika."

Hatukulala vizuri. Tulijaribu kumpima tena kama wale wapimaji. Mbio anazo, kwa watoto wa shule hakuna anayemfikia. Mguu wa kushoto ni muzuri. Wa kuume anautumia kwa kusimama tu. Tumemwona mechi 9, na 8 ni hapa kwenye kiwanja chetu, ambapo anajua kila shimo, na tena mbele ya watoto wenzake. Mechi ya tisa ilikuwa mjini, mwezi wa kwanza, na timu ya watu wazima. Mtu mmoja wa miaka 25 hivi alimfuata. Mara mbili alimgonga, bila kosa. Nyuma ya ile mara ya pili, mdogo wetu hakuomba mpira tena mpaka mwisho. Alisimama karibu na mstari, akainua mkono kidogo wakati mpira uko mbali, kusudi mtu afikiri anaomba.

Tuliliona jambo hili. Tulikuwa pembeni, tukaliona na macho yetu. Hatukuliandika, sababu lingeharibu habari. Ule ulikuwa mstari wa chini.

Siku ya posho tulikwenda kwa baba mdogo wake, pamoja na mwalimu wa michezo. Ni mzee anayeshona nguo, tulimkuta kwenye mashini. Alitupa viti. Mwalimu alisema maneno yake juu ya makaratasi na juu ya watu wanaoomba feza mbele, akasema timu ya kweli ikimtaka mtoto ndiyo inayolipa, haiombi. Mzee alisikiliza. Kiisha alitugeukia sisi.

"Mutoto yangu, ni weye uliandika?"

"Ndiyo, baba."

"Na sasa unasema hapana?"

Tulisema hatusemi hapana. Tulisema hatujui. Tukamweleza juu ya ile mechi ya mjini, na kwamba labda ni woga wa siku moja tu, labda akipata miaka 2 na kilo 8 atamsukuma yule mtu, na labda hapana. Kwamba hata Marekani, kule wanakopima kwa saa na kwa hesabu, wanakosea.

Mzee alikata uzi na meno.

"Kama hamujui," akasema, "juu ya nini muliandika?"

Hatukupata jibu. Mwalimu wa michezo aliangalia inje. Mzee hakuwa na hasira, ile ndiyo ilitushinda. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza bei. Tulitaka kusema habari ya stensile na ya mistari minne iliyokuwa inabaki, lakini tuliona haya. Dola 150 ni nguo ngapi za shule? Hatukuthubutu kuhesabu mbele yake.

Tulimwambia tutaandika tena, katika gazeti lile lile, na tutasema tuliloona mjini. Akasema: "Andikeni." Tena akasema hatatoa zile 450 mpaka atakapoona mwenyewe barua ya timu yenye jina. Juu ya masomo hakusema kitu. Yule bwana wa mjini, telefone yake haishiki tangu siku ile. Labda itashika kesho.

Mdogo wetu alitukasirikia siku tano. Dada yule wa benchi la nyuma alituambia alikuwa na haki, na kwamba tungemwuliza mwenyewe mbele ya kuandika, siku ile ya kwanza, juu ya nini hakuomba mpira. Ni kweli, hatukumwuliza. Tulimwuliza sasa. Alisema kwamba mbavu zilikuwa zinamwuma, akasema tena hapana, aliogopa. Ametupa ruhusa tuandike hivi. Alisoma karatasi hii yote mbele ya kupelekwa kwa mashini, akatoa neno moja tu ambalo hakulipenda.

Jana magaribi alitukuta kwenye kiwanja. Alitaka kujua ile mbio ya wachezaji wa nje, mita 55. Tulipima na kamba ya mwalimu wa hesabu, tukaweka mawe mawili. Alivua viatu. Dada yule alishika saa ya telefone, sisi tulipiga makofi ya kuanza. Alikimbia mara tatu, ya tatu ilikuwa polepole kwa sababu mbuzi wa Bwana Prefe walikuwa wameingia njiani. Bora ilikuwa ya pili, sekunde 7 na sehemu 1 ya 10, juu ya majani, miguu mitupu.

"Ni muzuri ao ni mubaya?" akauliza.

Tuliandika namba ile katika kayee, na tarehe, na kwamba alikuwa bila viatu.